Vichupa Ishirini na Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Tumepoteza dawa. Ijumaa iliyopita, tarehe 28 Februari, saa nane na robo mchana. Najua saa kwa sababu rula nilikuwa nimeishika mimi.

Haikuibwa. Haikumwagika. Bakteria wetu wapo, hai, wamenona, wamejaa sahani za maabara mpaka ukingoni – ila dawa hawatengenezi tena. Kipimo chenyewe hata mtoto anaweza kukisoma: unampanda bakteria wetu katikati ya sahani, kando yake unapanda vijidudu sugu vya hospitalini, wale wasiosikia dawa yoyote. Dawa ikiwepo, wale sugu wanakufa na kuacha duara safi. Duara pana, dawa kali. Miaka kumi na moja iliyopita duara lilikuwa milimita 22. Ijumaa, sifuri. Nikabadilisha rula, kana kwamba rula ndiyo mgonjwa. Sifuri.

Huyu bakteria tulimwita Kikongwe. Alipotoka udongoni alikuwa na mikunjo usoni, rangi ya majivu, ananuka kama ardhi iliyoonja mvua. Leo ni mweupe, laini, anang'aa. Ukimtazama haraka utasema amepona.

Na hili liandikwe ingawa hakuna atakayelisoma: tarehe 6 Mei, mwaka juzi, nilimwandikia Daktari, naibu wa Profesa. Nilisema duara limeshuka, 22, 21, 19, 14, 9, naomba tupime kila mwezi. Akanijibu kwa mdomo, mlangoni, mguu mmoja nje. Eti nisimalizie sahani kwenye wasiwasi. Unga wa dawa tuliokamua zamani ulikuwapo bado, majaribio yote yakafanywa kwa huo unga. Nani apime ng'ombe wakati maziwa yako kwenye friji? Januari unga ukaisha. Tukaenda kukamua. Chuchu kavu.

Profesa anarudi kesho kutoka mkutanoni. Ana miaka sitini na minane. Juni anastaafu. Nani atamwambia?

Daktari kasema: "Mzee wangu, wewe na yeye mna lugha moja. Mwambie wewe."

Ahsante sana!


Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yakaisha yote kwenye "Shikamoo, Mama."

Hakukaa chini. Alivua miwani, akaishika sahani dirishani, akaigeuzageuza, akainusa. Kisha: "Hanuki udongo tena. Lini aliacha kunuka?"

Miaka kumi na moja namkuza huyu bakteria. Namba zake zote ziko kichwani mwangu. Harufu sikuwahi kuiandika. Ndiyo tofauti yangu na yake, na sioni aibu kuikiri.

Huyu mama! Alianza na kimeng'enya kimoja cha ini la ng'ombe. Vimeng'enya ni protini zinazofanya kazi ndani ya mwili, huyu anakata, yule anaunga, kila mmoja na fani yake. Alinunua maini kilo arobaini machinjioni, akasaga, akachuja, akachuja tena, kwenye chumba cha baridi, na koti la mtu mwingine. Miaka sita. Mwishoni akapata vumbi lisilojaa ukucha wa kidole kidogo, ila safi. Baadaye ikaja mashine inayosoma protini elfu mbili za kiumbe kwa siku moja. Wenzake wa rika lake waliikimbia, yeye alikaa darasani na vijana akiwa na miaka hamsini na mbili. Husema: "Zamani nilimjua mtu mmoja mpaka anavyokoroma. Siku hizi naletewa orodha ya sensa." Nilimuuliza siku moja kwa nini basi akahamia kwenye dawa. Akasema ameyaandikia maini makala ishirini na tisa na hakuna ini hata moja lililomshukuru.

Mimi alinikuta naosha chupa. Miaka kumi na tisa sasa. Cheo changu kilikuwa "msafishaji wa vyombo". Siku ya tatu akaniuliza mbona chupa za mstari wa pili nazisuuza mara saba na nyingine mara tano. Nikamwambia zile saba zinabaki na povu, nimehesabu. Akaninyoshea pipeti. "Shika. Toa matone ishirini, nione kama yanalingana." Yakalingana. Hayo ndiyo maombi yangu ya kazi, sikuandika mengine. Mtihani wa cheti nilifanya nikiwa na miaka thelathini na nne, baina ya vijana walioniita Mjomba.

Leo amesema tuamshe vichupa vyote ishirini na vinne vilivyomo kwenye friza. Ndiyo mbegu yetu. Kimoja kikiwa kizima, tumepona.

Nimevipanda vyote.


Alhamisi, 6 Machi

Tunangoja. Kikongwe hakui kwa haraka – au tuseme, zamani hakuwa akikua kwa haraka.

Profesa ametoa kutoka chini ya friza mizoga. Ndivyo anavyoiita. Kila mwaka alikuwa anaua bakteria kidogo, anakamua protini zao, anazigandisha na kuandika mwaka. Ni protini tupu, hazioti. Daktari alicheka kila mwaka. Sasa Profesa anataka kulinganisha mzoga wa mwaka wa kwanza na Kikongwe wa leo. Amepanga foleni ya mashine mwenyewe, na fomu kajaza kwa mkono.


Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Mama watoto anashona sare za shule, pini mdomoni, na pini hazimzuii kusema.

Nikamweleza. Kwamba kila tulipomhamisha Kikongwe kwenye sahani mpya tulichagua kitone cha bakteria kilichonona, kilichokua haraka kuliko wenzake. Ndivyo Profesa alivyonifundisha: chagua aliyeshiba.

Akatoa pini. "Mchagua nazi hupata koroma." Akarudisha pini.

Nikamwambia hii ni sayansi, si nazi. Akasema yeye hajui sayansi, ila mashine hii ya kushonea ameitunza miaka kumi na sita bila kuunda kamati.

Halafu akaniuliza kama makala za Profesa zina jina langu. Anajua jibu. Makala saba za dawa hii, na mwishoni mwa kila moja: "tunamshukuru fundi wetu". Fundi wetu! Kama fundi bomba aliyepita akaziba akaenda zake. "Na bado unamsifia," akasema, "mama yako mzazi hujamsifia hivyo." Nikamshikia kitambaa akate.

Maneno ya nazi yamenikaa kichwani.


Jumatatu, 10 Machi

Matokeo. Vichupa ishirini na vitatu: sifuri. Kichupa namba 19: hakuna kilichoota.

Daktari ameandika kwenye fomu "24 – sifuri". Nikamwambia, Daktari, si ishirini na nne, ni ishirini na tatu, na kimoja hakikuota. Akauliza tofauti ni nini. Nikamwambia aliyekuja kikaoni akakaa kimya si sawa na ambaye hakuja kabisa. Akacheka, akanipiga bega. "Mzee wangu na hesabu zako." Fomu hakuibadilisha.

Kwenye daftari langu nimeandika 23 na 1.


Jumanne, 11 Machi

Siku ndefu. Niiandike vizuri.

Matokeo ya mashine yametoka saa tano. Profesa ameyachapisha, karatasi kumi na mbili, akazitandaza sakafuni kwa kuwa meza haitoshi, akavua viatu, akapiga magoti. Miaka sitini na minane! Nikamletea mto wa kiti, akausukuma kwa kiwiko.

Dawa ya Kikongwe inaundwa na vimeng'enya kumi na vinne, kwa zamu, kama watu wanaopokezana matofali. Amevifahamu vyote, kimoja kimoja, ilimchukua miaka minane. Kwenye mzoga wa mwaka wa kwanza vipo kumi na vinne. Kwenye Kikongwe wa leo – akaweka kidole, akahamisha, akaweka – hakuna. Hata kimoja. Kikosi kizima kimeondoka na kambi imefagiwa.

Alikaa palepale sakafuni, soksi zake za bluu, moja imetoboka. Akanieleza taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. Kutengeneza dawa kunakula nguvu. Katika kila sahani huzaliwa wachache waliotupa mzigo huo. Wasio na mzigo hukimbia, hunona. Sisi tukija na sindano yetu ya kupandia tunamchagua nani? Aliyenona. Tena na tena, mara sitini na zaidi. Tumemwachisha kazi kwa mikono yetu, kila mara tukimpongeza.

"Na friza?" nikauliza. "Mbegu ya zamani si ndiyo kazi yake friza?"

Akanitazama. Sote wawili tukageuka kuutazama mlango wa friza. Karatasi yake imebandikwa pale miaka kumi na moja, mwandiko wake, wino wa bluu: UKITOA KIMOJA, RUDISHA KIPYA. VIWE 24 DAIMA.

Mungu wangu. Kila tulipoyeyusha kichupa cha zamani, tulijaza nafasi yake kwa kizazi kipya. Kila Ijumaa nimehesabu vichupa, miaka kumi na moja, havijawahi kupungua hata kimoja, nikaona fahari. Idadi ilikuwa sahihi. Ndani yake mababu walikuwa wanatoka na vitukuu wanaingia. Nimelinda nyumba kwa kuhesabu milango.

Akasema, na nanukuu: "Fundi, hili ni langu. Kuchagua ni mimi nilikufundisha. Karatasi ile ni mimi niliandika. Wewe ulifuata."

Nimefanya kazi na wakubwa wengi. Sijamsikia hata mmoja akisema hivyo akiwa amekaa sakafuni bila viatu. Nilitaka kumshika mkono anyanyuke, nikaona haya, nikaokota karatasi.

Tulikuwa wawili tu chumbani. Hilo nalo liandikwe.


Jumatano, 12 Machi

Kamati ya idara itakaa Alhamisi ijayo, tarehe 20, saa nne asubuhi. Itaamua kama mradi uendelee. Mkataba wangu unaisha tarehe 31, na kamati hiyohiyo ndiyo inayohuisha.

Daktari ndiye aliyeandika ripoti. Ameniachia nakala "soma tu, mzee wangu, usiwe na presha". Ukurasa wa tatu, aya ya pili: chanzo cha hasara ni fundi wa maabara kutohifadhi mbegu asili.

Nimeisoma mara nne. Maneno kumi, nimeyahesabu. Hakuna barua yangu ya tarehe 6 Mei. Hakuna kanuni ya mlangoni. Chini kuna mstari mtupu wa sahihi ya Profesa.

Nikaenda ofisini kwa Daktari. Nikamuuliza kwa nini mimi. Hakuwa na ubaya usoni, hilo ndilo linaloniudhi. Akasema kamati inataka chanzo, si historia. Akasema Profesa anastaafu baada ya miaka arobaini na moja, je, nataka aondoke na doa? Mimi fundi, fundi hupata kazi popote. "Wewe si unampenda bibi? Basi mbebe."

Mbebe!

Nina miaka arobaini na saba. Fundi mwenye ripoti kama hiyo hapati kazi popote. Na namheshimu Profesa kuliko huyu anavyoweza kuhesabu. Haya mawili yako ndani yangu kwa wakati mmoja na hayasalimiani.


Alhamisi, 13 Machi

Karatasi ya mlangoni haipo. Zimebaki alama nne za gundi na mstatili mweupe kuliko mlango.

Nilisimama pale nimeshika kishikio, mlango wazi, mpaka friza likaanza kulia.

Sikumuuliza mtu. Nimeteremsha madaftari yangu yote kumi na moja kutoka juu ya kabati na kukaa nayo. Hasira yangu ikikosa pa kwenda huenda kwenye namba. Kila kichupa nilichowahi kutoa nimekiandika: tarehe, nafasi, kizazi. Nikachora mistari ishirini na minne. Nikaanza kujaza.

Nafasi ya 7: imejazwa mara tano. Nafasi ya 12: mara nne. Nafasi ya 3, ya 8, ya 15... Zote zina vizazi vya juu, arobaini, hamsini, sitini.

Nafasi ya 19: mara moja tu. Miaka tisa iliyopita. Kizazi cha 13.

Iko kona ya nyuma, chini, barafu imejaa, ukiingiza mkono baridi inakuuma mpaka kwenye mfupa. Kila mtu aliikwepa, mimi wa kwanza. Uvivu wetu umeihifadhi. Na ndicho kile kichupa ambacho "hakikuota" – nilichota tone moja tu, na baada ya miaka tisa ya barafu, tone moja huenda halina hata mzima mmoja. Lakini kichupa kizima?

Sikuomba ruhusa ya Daktari. Nikakiyeyusha chote. Nikakigawa sahani kumi, chakula kizito, hakuna kubakiza. Kikiharibika, nimemaliza mbegu ya mwisho kwa mkono wangu, na ile aya ya pili itakuwa kweli.

Nilimwambia Profesa baada ya kumaliza. Akauliza: "Umekimwaga chote?" Chote. Akafumba macho kidogo. "Ningefanya vivyo hivyo. Ila ningetetemeka."

Nilitetemeka, Mama. Hukuniona.


Ijumaa, 14 Machi

Nimemkuta Profesa anatafuta miwani yake kwenye mkoba. Vitu vyote vikamwagika mezani: funguo, kitambaa, peremende, na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Wino wa bluu unaonekana mpaka nyuma.

Akaona nimeona. "Nimeibandua mimi," akasema. Basi. Akairudisha mkobani, akavaa miwani, akaniuliza joto la inkubeta, kabati letu la kukuzia bakteria.

"Ishirini na nane, Mama," nikasema.

Ulimi wangu umerogwa? Swali lilikuwa hapohapo, limeiva. Ameibandua aipeleke mbele ya kamati – au ameibandua isionekane? Mtu anayesema "hili ni langu" Jumanne, Alhamisi anaificha ya nini? Na mtu anayeficha, mbona anasema "ni mimi" bila kuulizwa?

Mama watoto kasema: uliza. Nikamwambia humwulizi mtu kama yule swali kama lile. Akasema: "Kwa nini? Bakteria mnawauliza mpaka wanakufa."


Jumatatu, 17 Machi

Sahani tisa: tupu. Nilizipanga kushoto moja moja. Kila moja nilisema moyoni, haya, Alhamisi nafunga virago.

Sahani ya kumi. Vitone saba! Viwili vyeupe, laini. Vitano vina rangi ya majivu, vimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Nikafungua kifuniko kidogo. Udongo. Mvua. Sijui nilifanya sauti gani, Profesa alitoka ofisini mbio, mkono mmoja kwenye koti. Akanusa. Akanusa tena. Alinishika sikio akalivuta, kama unavyomvuta mtoto aliyefaulu. Mbele ya Daktari!

"Tunachukua yupi?" nikauliza.

"Mbaya wa sura kuliko wote," akasema. "Warembo wametutosha."

Kesho tunawaweka na wale sugu. Keshokutwa rula.


Jumanne, 18 Machi

Nimepanda. Sina la kuandika. Nimesuuza chupa ambazo hazikuwa chafu.


Jumatano, 19 Machi

Milimita 18! 18, 18, 17, 19, 18. Watano wote. Wastani 18 kamili.

Profesa alipima mwenyewe baada yangu, kisha akaniomba nipime tena baada yake. Kisha akakaa, akauliza madaftari yako wapi. Nikamletea lile lenye mistari ishirini na minne. Alilisoma kama anavyosoma makala za watu anaowaogopa, kidole chini ya kila mstari. Dakika arobaini. Mwishoni akasema: "Nimesimamia wanafunzi kumi na sita wa udaktari. Hakuna aliyeniletea jedwali lisilo na kosa. Hili halina." Akaniuliza niliwezaje kuandika kila kichupa miaka yote hiyo bila kuagizwa. Nikasema aliyeosha chupa alikuwa akihesabu, aliyeshika pipeti hakuona sababu ya kuacha.

Akacheka mpaka akatoa machozi. Mikono yake, mishipa imetoka, ikatulia juu ya daftari langu. Mikono iliyosafisha kile kimeng'enya cha ini. Nilifurahi, sikatai. Ningeweza kwenda nyumbani na furaha hiyo tu.

Lakini ripoti ilikuwa hapo mezani kwake, chini ya kiwiko. Nikaona ukurasa wa tatu umekunjwa kona. Aya ya pili ipo vilevile. Nikamuuliza Daktari pembeni: sasa dawa imepatikana, si utaiondoa? Akasema kosa lililorekebishwa bado ni kosa, na kwamba kupatikana ataandika "juhudi za maabara".

Juhudi za maabara. Fundi wetu kapanda cheo, sasa ni maabara.

Basi nikarudi kwa Profesa. Nikafunga mlango – sijawahi kufunga mlango ule nikiwa ndani. Nikasimama wima.

"Mama, samahani. Nina swali moja. Kesho mbele ya kamati utasema kanuni ile ilikuwa yako, ama utatia sahihi kwamba kosa ni langu?"

Mashine ya kuzungusha ilikuwa inapunguza mwendo chumba cha pili, nikaisikia mpaka ikasimama.

Akasema: "Unajua nimebakiza miezi mitatu."

Nikasema najua, siku mia na tatu mpaka mwisho wa Juni. Mimi nimebakiza kumi na mbili.

Akasema: "Unadhani nimeibandua kwa nini?"

"Sijui, Mama. Ndiyo maana nauliza."

Akafungua mdomo. Simu ikalia – mwenyekiti wa kamati. Akaniashiria kwa mkono nisubiri. Nilisubiri nusu saa koridoni. Alipotoka alikuwa na koti na mkoba begani. "Kesho, Fundi," akasema, akapita.

Kesho ipi?


Alhamisi, 20 Machi

Saa mbili na dakika hamsini. Naandika nimesimama, daftari juu ya inkubeta.

Amefika saa mbili kasoro, kabla yangu. Amekwisha kuvipa chakula vitone vitano, ameandika lebo tano mpya kwa mwandiko wake. Friza lina safu mpya, ya pili, mbali na ile ya vichupa ishirini na vinne, na juu yake kaandika: HAWA HAWAGUSWI. Hakuna anayefikiri kama yeye. Hata leo, hata kwa hali hii, nimesimama mbele ya ile safu nikaona uzuri wake.

Nilimsalimia. Aliitikia vizuri. Nikasema: "Mama, jana hukunijibu. Kamati saa nne. Nitakuja ofisini kwako saa tatu na nusu. Nataka neno moja tu: utasema kanuni ni yako, ndiyo au hapana? Ukisema hapana sitapiga kelele. Nitachukua nakala ya barua yangu ya tarehe 6 Mei na madaftari kumi na moja, nitaingia navyo mimi."

Alikuwa na pipeti mkononi. Tone lilining'inia kwenye ncha, halikudondoka. Akasema: "Saa tatu na nusu." Akarudia kama mtu anayeandika kipimo.

Saa tatu na dakika tano. Daktari ameingia ofisini kwa Profesa na ripoti, tai shingoni, mlango wameuacha wazi kidogo. Namsikia Daktari tu. Sahihi, anasema, hapa na hapa. Kisha sauti ya mkoba ukifunguliwa.

Kalamu au ile karatasi?

Saa tatu na dakika kumi na nane. Daktari ametoka. Kanipita bila "mzee wangu". Sikuweza kusoma uso wake, na ripoti kaishika kifuani.

Saa tatu na dakika ishirini na saba. Nimenawa mikono. Madaftari yako kwapani, yote kumi na moja. Mlango wa Profesa umefungwa sasa.

Dakika tatu. Mama, sitaki shukrani, sitaki "fundi wetu". Utasema kanuni ile ni yako? Nijibu saa tatu na nusu, ndiyo au hapana – nagonga.